Mwiku Si Makombo

Waingereza wana chakula kiitwacho bubble and squeak: viazi na kabichi za jana, vikakaangwa pamoja. Jina hilo, lililoanza kutumika karne ya 18, linaiga mlio wa kikaangoni. Sisi Waswahili tulitazama wakati, si mlio: chakula cha usiku kiliwacho asubuhi ni mwiku, au bariyo, wengine husema kiporo. Makombo ni mengine kabisa, ni masazo ya aliyekwisha kula. Kumbe lugha ilitenga cha kuweka na cha kutupa, zamani kabla ya friji. Leo wanafunzi wangu vyote huviita makombo, navyo huishia jaani, kama ilivyokuwa zamani pale Kibarani kwa miaka mingi. Wazee, mkipasha mwiku, utajeni kwa jina lake.