Matuta ya Mgeta, Matuta ya Matombo

Ukipanda milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kwa upande wa Mgeta, utakuta matuta ya ngazi yaliyochimbwa miaka ya 1950 bado yanalimwa, yamejaa kabichi na karoti. Upande wa mashariki, Matombo, matuta ya mpango huo huo yalitelekezwa hata kabla kazi haijaisha. Wachimbaji wa pande zote mbili walikuwa Waluguru, na amri ilitoka kwa serikali ile ile.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa na hofu ya mmomonyoko. Mito ya Ruvu na Ngerengere huanzia milimani humo, na udongo uliosombwa na mvua ulikuwa ukiishia mtoni. Kuanzia mwaka 1950 ukaja Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru: wanakijiji wachimbe matuta, waache kuchoma majani, na anayekaidi atozwe faini. Faida ingeonekana miaka ya mbele.

Tatizo lilikuwa kwenye jembe lenyewe. Ukikata mteremko mkali kutengeneza ngazi, udongo mweusi wa juu unafukiwa, na ule mwekundu wa chini, usio na rutuba, ndio unaobaki juu. Mahindi yanachipua membamba, majani yakiwa ya njano. Mkulima aliyetumia siku zake za palizi kuchimba akavuna kidogo kuliko jirani aliyelima kama walivyolima babu zake.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Chama cha TANU, kilichokuwa kimetimiza mwaka mmoja tu, kikapata masikio ya kukisikiliza milimani. Mpango ukafa mwaka huo huo.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba mkulima hana subira. Lakini Waluguru walikuwa na ngazi zao wenyewe tangu zamani: walifyeka majani, wakayalaza kwa mistari kukinga mteremko, kisha wakayafukia. Majani yakaoza na kurutubisha shamba msimu huo huo. Na Mgeta, kwenye baridi, mifereji ya maji na samadi, tuta la serikali lilibeba mboga zilizouzwa ndani ya miezi michache. Tuta lililolipa mapema ndilo lililodumu.

Kulikuwa na jambo la pili: ardhi ni ya nani? Kwa desturi ya Kiluguru shamba ni la ukoo, na ukoo hufuatwa kwa mama. Mgeni aliyeazimwa kipande aliruhusiwa kupanda mahindi, lakini si miti ya kudumu, kwa sababu mti ni dai la ardhi. Asiye na uhakika wa kubaki hakuwa na sababu ya kufikiria miaka kumi ijayo.

Penye uhakika huo, milima ile ile ina mikarafuu. Mkarafuu huchukua miaka sita hivi kabla ya kuzaa, na zaidi ya kumi kufikia nguvu zake, kisha huzaa kwa miongo. Bei ya karafuu hupanda na kushuka, na anayeukata mti mwaka wa bei mbaya atasubiri upya miaka yote hiyo bei itakaporudi. Wakulima wengi hawategemei mti mmoja. Mgomba huleta fedha ya matumizi, pilipili manga huparamia mti na kuanza kuzaa baada ya miaka michache, na mkarafuu unaachwa ukue.

Hesabu hii ya kupata cha leo huku ukingoja cha kesho imefika mjini Morogoro kwa sura nyingine. Mwaka 2005 UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, ilianzisha Mfuko wa Umoja, ambao mtu hununua vipande vyake na fedha yake ikagawanywa kwenye hisa na hatifungani. Kipande huuzwa siku yoyote ya kazi, na hapo ndipo penye kishawishi: bei ya hisa ikishuka mwenye kipande anahamia kwingine, ikipanda anarudi, na kila mara amechelewa. Fedha za Mfuko wa Ukwasi, ulioanzishwa na UTT mwaka 2013, huwekwa kwenye amana na dhamana za muda mfupi. Mwalimu anayeweka humo ada ya muhula ujao, na kwenye Umoja fedha asiyoihitaji kwa miaka kumi, hana haja ya kuuza Umoja wakati mbaya ili alipe ada. Huko Ukwasi ndiko uliko mgomba wake.