Raba ina historia: kutoka dola 35 mpaka mnada wa mamilioni

Wiki ya test imepita salama, msuli umepumzika kidogo, kwa hiyo leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mtu hapa chuoni anakitazama lakini hakuna anayekisoma: raba. Ndiyo, viatu! Boom likiingia tu, siku mbili baadaye korido za hosteli zimejaa maboksi, na mjadala ni ule ule. Yako orijino au feki? Ya dukani au ya mtumba? Sisi tunaosomea ualimu wa historia tumefundishwa kwamba chanzo cha historia siyo maandishi peke yake, hata kigae cha chungu kinaongea. Sasa kama kigae kinaongea, raba ya namba 42 itashindwa vipi?

Tuanze na jina lenyewe. Raba ni mpira. Mwaka 1839 kule Marekani bwana mmoja anaitwa Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa halafu ukapashwa moto, hauyeyuki tena kwenye joto wala haukakamai kwenye baridi. Mwaka 1844 akapata hati ya ugunduzi wake. Bila huo mchanganyiko hakuna soli ya maana. Mwaka 1908 Marquis Converse akaanzisha kampuni yake mjini Malden, jimbo la Massachusetts, na 1917 ikatoka All Star, kiatu cha turubai cha kuchezea mpira wa kikapu. Mchezaji Chuck Taylor akaajiriwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, akawa anazunguka mji kwa mji anafundisha kikapu na kuuza viatu. Miaka ya 1930 jina lake likawekwa kwenye ile duara yenye nyota pembeni. Wengi mnaovaa Chuck Taylor hapa mlidhani ni jina tu la kiatu, kumbe ni mtu.

Ulaya nako kulikuwa na mambo. Katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani, ndugu wawili, Adolf na Rudolf Dassler, walikuwa na kiwanda kimoja cha viatu vya michezo. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Jesse Owens, Mmarekani mweusi, alichukua medali nne za dhahabu mbele ya Hitler na wenzake, na alikimbia na viatu vya hao ndugu. Baada ya vita wakagombana vibaya na 1948 wakaachana. Rudolf akaanzisha Puma. Adolf, ambaye nyumbani waliita Adi, akasajili Adidas mwaka 1949. Yaani hizo nembo mbili mnazobishania huku hosteli zilitoka tumbo moja.

Halafu ikaja 1968, Mexico City. Tommie Smith alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Yeye na John Carlos walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi kuonyesha umaskini wa watu weusi wa Marekani, wakanyanyua ngumi zilizovaa glavu nyeusi. Kiatu cha Puma Smith alikibeba mkononi na kukiweka pale jukwaani. Tukio hili wengi tumelisoma kwenye harakati za haki za watu weusi, ila sikumbuki mwalimu yeyote kutuambia tuangalie na miguu kwenye ile picha.

Sasa hapa ndipo patamu, hasa kwa sisi wanafunzi. Phil Knight alikuwa anafundisha uhasibu Portland State University huku anaendesha kakampuni kake ka viatu alichokianzisha mwaka 1964 na kocha wake, Bill Bowerman. Pale chuoni akakutana na mwanafunzi wa sanaa, Carolyn Davidson, ambaye alikuwa anahangaikia hela ya vifaa vya kuchorea. Akampa kazi za kuchora kwa dola 2 kwa saa. Mwaka 1971 akamwomba achore alama ya kuweka ubavuni mwa kiatu. Binti akaleta michoro kadhaa, wakachagua mmoja, na Knight mwenyewe akasema haupendi sana ila labda ataizoea. Malipo: dola 35. Wadau, hiyo ndiyo tiki ya Nike! Alama ambayo leo hata mtoto wa chekechea anaijua kabla hajajua herufi. Ni kweli kwamba mwaka 1983 kampuni ilimwita ikampa pete yenye ile alama na hisa za kampuni, na huo ni uungwana. Lakini miaka 12 ilikuwa imeshapita, na uungwana siyo mkataba.

Wabunifu waliofuata walikuja na akili za fani nyingine kabisa. Tinker Hatfield alisomea usanifu wa majengo. Alikwenda Paris akaliona jengo la Centre Pompidou, lililofunguliwa mwaka 1977, ambalo mabomba na ngazi zake zote ziko nje, zinaonekana. Akarudi akakata dirisha kwenye soli ili watu waone ule mfuko wa hewa uliofichwa ndani. Hiyo ni Air Max ya mwaka 1987. Kwa hiyo mwenzako akipita na Air Max pale kantini, ujue kabeba kipande cha jengo la Ufaransa miguuni.

Kabla ya hapo, 1985, Peter Moore alikuwa amebuni Air Jordan ya kwanza. Mnaijua hadithi kwamba NBA ilipiga marufuku kiatu chekundu na cheusi cha Jordan? Barua ya ligi kwenda Nike ipo, ni ya Februari 1985, na Nike wajanja wakaigeuza kuwa tangazo la televisheni. Ila waliochunguza picha za wakati ule wengi wanasema kiatu kilicholeta kesi kilikuwa kingine, Air Ship, kwa sababu Air Jordan ilikuwa bado haijawa tayari. Hapa wenzangu wa historia mnaona somo: chanzo kipo, lakini kampuni ndiyo iliyoandika tafsiri, na dunia nzima ikakariri tafsiri kama tunavyokariri desa.

Lakini viwanda peke yake visingeifanya raba iwe fasheni. Viwanda vilitengeneza kiatu cha uwanjani, vijana wa mitaani ndio waliokitoa uwanjani. Agosti 1973 kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alipiga disko kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue, na watu wengi wanaihesabu siku hiyo kama kuzaliwa kwa hip hop. Vijana waliocheza pale walikuwa maskini, mtaa umechakaa, lakini kiatu lazima kiwe safi. Mwaka 1986 Run-DMC, waliokuwa wanavaa Adidas bila kamba, wakautolea wimbo kiatu chao. Wakiwa Madison Square Garden wakawaomba mashabiki wainue viatu vyao juu, na maelfu wakainua mbele ya mtu wa Adidas aliyealikwa. Kikafuata mkataba wa takriban dola milioni moja. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtaa ulipoonyesha wazi bei yake.

Mwingine ni Dapper Dan, jina lake halisi Daniel Day. Mwaka 1982 alifungua duka Harlem, mtaa wa 125. Maduka makubwa ya kifahari hayakuwajali watu weusi, basi yeye akawa anachapa nembo za hayo makampuni kwenye ngozi na kushona makoti ambayo makampuni yenyewe hayajawahi kuyawaza. Mafundi cherehani wake wengi walikuwa Wasenegali, ndugu zetu hawa hawa. Wateja wake walikuwa marapa, mabondia na watoto wa mjini. Makampuni yakamwandama na kesi na kukamata mali, na 1992 akafunga. Halafu mwaka 2017 Gucci ikaonyesha jukwaani koti linalofanana sana na moja alilolishona mwaka 1989. Watu wakapiga kelele mitandaoni, na mwaka 2018 Gucci ikafungua naye karakana pale pale Harlem. Jiulizeni: mtu mweusi akinakili anaitwa mwizi, kampuni ikinakili inaitwaje?

Miaka ya 1990 mambo yakasambaa. Nigo alianzisha A Bathing Ape Tokyo mwaka 1993, James Jebbia akafungua Supreme New York mwaka 1994, na mbinu ikawa moja: toa nguo chache, watu wapange foleni. Februari 2005 raba moja ya Nike yenye picha ya njiwa, iliyobuniwa na Jeff Staple, ilisababisha vurugu dukani New York mpaka polisi wakaja.

Wa mwisho kwa leo ni Virgil Abloh. Wazazi wake walitoka Ghana, mama yake alikuwa mshonaji, yeye alisomea uhandisi na baadaye usanifu wa majengo. Mwaka 2017 alichukua viatu 10 maarufu, vingi vya Nike, akavifumua, akaacha nyuzi na sponji zionekane, kana kwamba anatuambia tuangalie kiatu kinavyotengenezwa. Mwaka 2018 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuongoza ubunifu wa nguo za kiume pale Louis Vuitton. Alifariki Novemba 2021 kwa saratani, akiwa na miaka 41. Februari 2022 jozi 200 za raba alizobuni ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa jumla ya dola milioni 25 na ushee, na fedha zikaelekezwa kwenye mfuko aliouanzisha wa kusomesha wanafunzi weusi. Kutoka dola 35 mpaka ada za watoto wa watu. Mimi hapo nilinyamaza kidogo.

Na sisi huku tunaingiaje? Kaka zetu walikuwa wanaziita raba mtoni, yaani zimetoka ng'ambo. Leo zinashuka kwa marobota, unazikuta Karume hapa Dar au Gikomba kule Nairobi, zimefuliwa zinang'aa. Kwa hiyo jamani, tuache kuchekana kwa sababu ya mtumba. Fasheni yenyewe tunayoiabudu ilitengenezwa na watu waliokosa, wakafua walichonacho, wakafumua na kushona upya. Fundi viatu pale getini anayebadilisha soli yako anafanya kazi iliyo karibu zaidi na ya Abloh kuliko wewe uliyenunua boksi.

Kuna jambo moja linanikera na ndilo lililonifanya niandike. Kila mwaka madarasa yetu yanachapisha fulana, za sherehe za kumaliza, za michezo, za vikundi. Kila mwaka kuna mwenzetu anayechora. Mchapishaji analipwa, mwenye vitambaa analipwa, MC analipwa, mchoraji anapewa soda na "asante kaka, una kipaji". Kuna jamaa ninayemfahamu, jina tuliache, amechora fulana nne namna hiyo na semista iliyopita alikaribia kukosa mtihani kwa sababu ya ada. Carolyn Davidson alipata dola 35 na sisi tunamsikitikia, wakati wa kwetu hata hiyo hapati.

Miaka michache ijayo tutakuwa madarasani, tumeshika chaki. Tutakutana na mtoto anayechora viatu nyuma ya daftari la hesabu. Wengi tulizoea kuona daftari kama hilo likichanwa na mwenyewe akichapwa. Mimi nitamkemea kwa daftari la hesabu, lakini nitamtafutia karatasi nyingine, na nitamfundisha kuandika jina lake chini ya mchoro na tarehe. Ninyi mnaotengeneza fulana mwaka huu, anzeni na bajeti ya mchoraji.

Naomba kuwasilisha. Kama una hoja au unapinga, uwanja ni wako, ila njoo na nondo. Tukutane wiki ijayo, na boom likitoka, msisahau kula.