Panya, Samadi na Usugu wa Vimelea: Hoja Dhidi ya Kumsingizia Panya

Imekuwa mazoea: bakteria sugu kwa antibiotiki akipatikana utumboni mwa panya wa bandani, panya hutajwa kuwa chanzo na sumu ikapendekezwa kuwa suluhisho. Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Kwamba panya hubeba vimelea hao, hakuna anayebisha. Uholanzi, MRSA (bakteria aina ya Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini) wa kundi la CC398 walikutwa kwa nguruwe na pia kwa panya wa mashamba ya nguruwe. Karatu, kaskazini mwa Tanzania, utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta bakteria sugu kwa watu, kuku, panya na hata kwenye udongo wa kaya. Wengi huutaja udongo huo kwa kupita, ilhali ndio wenye neno. Udongo haupewi dawa wala hautembei. Ukikutwa na vimelea hao, wa kutiliwa shaka kwanza ni kinyesi, na panya ni mmoja tu wa wanaokula juu yake.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1999 Gilliver na wenzake waliripoti katika jarida la Nature kwamba panya-mwitu wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wasiowahi kupewa antibiotiki, walikuwa na bakteria sugu kwa wingi. Waliotaka kusikia kwamba kupunguza dawa hakuna maana walifurahi. Mwaka 2001, katika jarida hilohilo, Österblad na wenzake walipima panya-mwitu na wanyama wa jamii ya kulungu nchini Ufini. Ukiondoa usugu wa asili ambao baadhi ya bakteria huzaliwa nao, hawakukuta karibu chochote. Panya ni walewale kwa tabia; kilichotofautiana, kwa maoni yangu, ni ukaribu wao na watu, mifugo na taka zao. Nairobi, utafiti wa 2019 katika kaya 99 ulikuta usugu mdogo kwa wanyamapori, panya wakiwamo, kuliko kwa watu na mifugo. Chanzo kingekuwa panya, tungetarajia kinyume chake.

Atazame mtu banda la kuku wa nyama usiku. Panya hutoka kwenye rundo la maranda yaliyolowa kinyesi, hupanda gunia la pumba lililofunguliwa, huacha mavi yake humo na kurudi. Njia ya vimelea ni hiyo. Lakini antibiotiki ya oksitetrasaiklini iliyo kwenye maji ya kunywea ya kuku haikutiwa na panya.

Pingamizi moja lina uzito: banda likisafishwa kati ya kundi na kundi, panya anaweza kuwahifadhi vimelea na kuwarudisha. Nalikubali kwa kiasi. Uholanzi ilipunguza antibiotiki za mifugo kwa zaidi ya asilimia 60 tangu 2009, na usugu wa E. koli ukashuka, lakini CC398 wangali kwa nguruwe. Hata hivyo vimelea hao hupita kutoka kwa nguruwe jike hadi kwa watoto wake, na husafiri kwa biashara ya mifugo, bila kuhitaji panya.

Kinachokosekana ni vipimo vya mfululizo: panya wa banda moja wapimwe kabla vifaranga hawajaingia, wakati wa dawa, na baada ya dawa kusitishwa, bila kutegewa sumu. Usugu wao usiposhuka pamoja na wa kuku, hoja yangu itakuwa imeanguka.