Waliokosekana Katika Hesabu ya Mathari

Imezoeleka kusemwa kwamba wasiwasi uliopitiliza, sonona na hofu isiyo na sababu ni maradhi ya Wazungu, au walau ya watu wa mjini walioiga mambo ya Kizungu. Husemwa misibani, husemwa kazini, na wakati mwingine husemwa hata na mhudumu wa afya aliyevaa koti jeupe. Husemwa kwa majivuno pia: sisi ni watu wagumu, babu zetu walipita katika njaa, vita na utumwa bila kwenda kwa daktari wa akili. Hoja yangu ni kwamba kauli hii inayojitapa kuwa ya kwetu haikutoka kwa babu zetu. Iliandikwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, wakaijenga juu ya hesabu mbovu, na hesabu hiyo ilikuwa mbovu kwa sababu ya namna hospitali za kwanza za wagonjwa wa akili zilivyoanzishwa Afrika Mashariki. Madhara yake tunayo hadi leo.

Tuanze na majengo yenyewe. Lutindi, juu ya milima ya Usambara upande wa Korogwe, ilifunguliwa mwaka 1896 na wamisionari kutoka Ujerumani kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa makao ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1910, Nairobi, serikali ya Kiingereza ilichukua majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui ikayafanya nyumba ya wendawazimu. Mwaka 1924 nyumba hiyo ikapewa jina la Hospitali ya Mathari. Dodoma ikapata Mirembe mwaka 1927. Uganda ilianzia katika gereza la Hoima, ikahamia Mulago, na Butabika ikafunguliwa mwaka 1955. Ukiiacha Lutindi, ambayo angalau ilianza kwa nia ya kuwahudumia watu, historia hii yote ni ya kuta na kufuli. Mahali pa mtu aliyerukwa na akili palikuwa jela, na hospitali zilipokuja zilichukua kazi ya jela: kumwondoa barabarani mtu anayesumbua. Nchini Kenya, hadi miaka ya 1930, mambo haya yaliendeshwa kwa sheria iliyotungwa India mwaka 1858. Kwa sheria hiyo, njia ya kuingia ilipitia kwa polisi na hakimu.

Mwafrika, basi, hakwenda Mathari mwenyewe kwa kuwa anaumwa. Alipelekwa. Alipelekwa kwa sababu alichoma nyumba, alimpiga mtu, alitembea uchi sokoni au alipiga kelele karibu na nyumba ya mwajiri wake. Akishafika aliwekwa katika wodi ya Waafrika, mbali na wodi ya Wahindi na mbali zaidi na ile ya Wazungu. Sasa mfikirie mama wa kijijini wa zama hizo ambaye kwa miezi hapati usingizi, moyo wake unakwenda mbio akisikia hatua za mtu uani, mikono inamtetemeka, hawezi tena kwenda mtoni peke yake, naye hawezi kusema anachokiogopa. Polisi gani angemkamata? Hakuvunja sheria yoyote. Angekunywa dawa za mitishamba, angeombewa, angesemwa kuwa amelogwa au kwamba ni mvivu, na angezeeka hivyo hivyo. Katika vitabu vya serikali hakuwepo, wala hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtafuta.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipozaliwa. Katika miaka ya 1930 msimamizi wa Mathari, H. L. Gordon, alishughulika na kupima mafuvu ya Waafrika, huku mwenzake F. W. Vint akichunguza uzito wa ubongo, wote wakitaka kuthibitisha kwamba Mwafrika alizaliwa na akili pungufu. Mwaka 1938 hospitali ikakabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Carothers alichukua idadi ya Waafrika walioingia Mathari, akaigawa kwa idadi ya watu wa Kenya, akapata wagonjwa wasiofika 4 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Ikilinganishwa na Uingereza, idadi hiyo ilikuwa ndogo mno. Miongoni mwa waliolazwa, wenye sonona walikuwa wachache sana. Akahitimisha kwamba Mwafrika, kwa maumbile yake na malezi yake, haumwi na huzuni ya ndani kwa kuwa hana hisia ya kuwajibika binafsi, na kila baya humtupia mchawi au jirani. Alifika hadi kumfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Maoni haya hayakubaki katika faili za Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, na vyuo vingi vikakichukua kama elimu. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kingine kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo madai ya ardhi yaliwekwa nyuma na mapambano yakaelezwa kama mtafaruku wa akili za watu waliokwama kati ya mila na maendeleo. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Blida nchini Algeria, alikuwa miongoni mwa waliomjibu kwa ukali, katika kitabu chake cha mwaka 1961. Ubaguzi wa Carothers umekwisha kulaaniwa na wengi, na ilistahili. Lakini nusu ya fundisho lake tumeikumbatia. Tumelikataa lile lisemalo kwamba Mwafrika hana akili ya kutosha, tukalibakiza lile lisemalo kwamba hana huzuni wala wasiwasi, na tukaligeuza kuwa sifa.

Ushahidi wa kulipinga ulipatikana mapema, mara tu watu walipotoka nje ya ukuta wa hospitali. Margaret Field, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1960, alikaa karibu na madhabahu za mizimu vijijini nchini Ghana akiwasikiliza waliofika kutafuta salama. Wengi wa wanawake waliokuja kukiri kwamba wao wenyewe ni wachawi na wamewaua watoto wao aliwaona kuwa wagonjwa wa sonona nzito, waliolemewa na hatia isiyo yao. Carothers alisema watu hawa hawawezi kujilaumu, kumbe walijilaumu hadi kukaribia kufa. Kwa upande wetu, John Orley na John Wing walichapisha mwaka 1979 matokeo ya uchunguzi katika vijiji viwili vya Uganda. Walitumia mahojiano ya aina ileile yaliyokuwa yametumika Camberwell, mtaa wa London, na sonona ikaonekana zaidi kwa wanakijiji wa Uganda kuliko kwa wanawake wa London. Watu hao hawakuwa wa mjini wala hawakuwa wameiga chochote.

Walikuwa wakitibiwa wapi miaka yote hiyo? Pwani jibu linajulikana. Mtu anayelemewa na hofu, anayezimia bila homa, anayekosa hamu ya kula au kulala na mwenzake, alipelekwa kwa mwalimu au kwa mganga wa pepo, na bado anapelekwa. Mwalimu humwandikia kombe: aya za Kurani huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, na mgonjwa akayanywa. Mganga wa pepo naye huita ngoma, hufukiza ubani na udi, pepo akapanda kichwani na kuulizwa jina lake, kwao na anachotaka. Pepo wa kibuki hutaka vyake, wa rubamba vyake: nguo ya rangi fulani, pete, chano cha vyakula. Yanayodaiwa kwa sauti ya pepo, mara nyingi, mgonjwa asingethubutu kuyadai kwa sauti yake mbele ya mume au wakwe. Naye hukaa katikati ya watu, akisikilizwa usiku kucha, jambo ambalo hospitali ya kikoloni haikumpa mtu yeyote. Siamini kwamba ngoma inatibu kila kitu. Kwa mtu mwenye skizofrenia inaweza kupoteza miaka, na wapo waganga waliowafunga watu minyororo. Lakini kwa historia yetu, kilinge ni ushahidi kwamba maradhi haya yalikuwepo, yalijulikana, na yalitafutiwa dawa kabla ya Mathari kujengwa. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 unatilia nguvu jambo hili. Kati ya wagonjwa waliokwenda vituo vya afya vya kawaida, asilimia 24 walikuwa na wasiwasi au sonona ya kiwango cha ugonjwa. Kwa waganga wa jadi ilikuwa asilimia 48.

Pingamizi la kwanza ambalo lazima lijibiwe ni la wanaosema kwamba zamani ukoo ulimkinga mtu, na kwamba wasiwasi umeletwa na upweke wa mjini. Ukweli upo ndani yake. Kuzungukwa na watu husaidia, na tafiti nyingi zimeonyesha hivyo. Lakini ukoo huohuo ndio unaomsimanga mwanamke asiyezaa, unaogombania mirathi kaburi halijakauka, unaomwita mjane mchawi. Visababishi tunavyovijua havikuja na gari moshi: kurithi wepesi wa kuugua kutoka kwa wazazi, kufiwa utotoni, kupigwa, kubakwa, njaa, maradhi ya muda mrefu, uzazi mgumu. Jamii iliyopita katika biashara ya watumwa, vita vya Majimaji na kambi za kizuizini za miaka ya 1950 haikosi majeraha ya moyo. Ilikosa tu mtu wa kuyaandika.

Wapo pia wanaohofia kwamba tukishakubali lugha ya hospitali, kila huzuni itaitwa ugonjwa na kila mwenye mawazo atapewa vidonge. Hofu hii naiheshimu, kwa kuwa matanga ni matanga na mtu akilia aachwe alie. Ila mpaka upo: hali ikidumu wiki kadha wa kadha, ikamzuia mtu kula, kulala, kufanya kazi au kulea, hayo si majonzi ya kawaida. Tofauti hii si ya Kizungu hata kidogo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, akaeleza hofu na mawazo yanayomrudia mtu bila kukoma, na akashauri maneno ya kutuliza kama sehemu ya tiba. Anayesema kwamba muumini wa kweli hapatwi na haya anapingana na elimu ya Waislamu wenyewe ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kuhusu tiba, mambo yamebadilika ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1952, Paris, madaktari walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa ya klopromazini, na mwaka 1957 imipramini ikaonyeshwa nchini Uswisi kwamba inapunguza sonona. Dawa hizi zilifika kwetu na zikapunguza pingu wodini. Hata hivyo zilipita katika mlango uleule wa zamani, hospitali kubwa ya mbali yenye jina la kutisha, na mtu mwenye wasiwasi aliendelea kutibiwa malaria, presha au vidonda vya tumbo ambavyo hakuwa navyo. Uganda ilionyesha njia nyingine. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wenyeji ambao hawakuwa madaktari walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, watu wakizungumzia misiba, ugomvi, na maisha yaliyowageuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya wiki hizo, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Kilichohitajika ni kivuli cha kukaa, mtu aliyefunzwa na muda. Carothers angeshangaa kwamba watu aliowaona hawana moyo wa kujitazama walipona kwa kujitazama pamoja.

Sheria nazo zinabadilika, polepole. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Afya ya Akili mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Tanzania Bara bado inacho kifungu kama hicho katika Kanuni yake ya Adhabu, urithi wa zama zilezile ambazo mgonjwa alifikishwa kwa hakimu kabla ya kufikishwa kwa daktari. Bunge likiondoe. Na zahanati za vijijini, ambazo leo zinamwuliza kila anayeingia habari za homa, kikohozi na kuhara, zianze kumwuliza pia kama analala na kama ana hofu isiyomwachia, kisha ziandike jibu lake kitabuni.