Nani Angemwambia Mwalimu?

Tangu Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 14, 1999, kila mwaka siku hiyo ilipofika, redio ya nyumbani kwetu Korogwe iliwagawa watu. Hotuba za Mwalimu zilipoanza kurushwa, Baba aliongeza sauti. Mjomba, kama alikuwa amekuja kutoka Handeni kutujulia hali, alibeba kigoda chake akaenda kukaa nje chini ya mkungu mpaka zimalizike. Hawakugombana hata siku moja. Walikuwa mashemeji, na shemeji anaheshimiwa. Baba alisema tu, kwa sauti iliyonilenga mimi, "Huyu ndiye aliyenivua namba." Mjomba akirudi ndani aliuliza kama ugali umebaki.

Nimefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, historia ikiwa somo langu, na katika miaka yote hiyo nimesikia Mwalimu Nyerere akielezwa kwa namna mbili. Kuna Baba wa Taifa wa vitabuni, asiye na doa. Kuna pia mzee wa vijiweni, aliyeua mkonge na kuwafukuza watu makwao. Nimezaliwa kati ya wawili hao, upande wa baba mkonge na upande wa mama Uzigua, na wote wawili nawaona wamepita pembeni ya jambo lenyewe.

Baba alikuwa Mbena. Aliletwa miaka ya 1950 na SILABU, ofisi ambayo wenye mashamba ya mkonge waliianzisha mwaka 1944 ili iwatafutie vibarua wa mbali: Njombe, Songea, Kigoma, hata Ruanda-Urundi. Wenyeji wa huku, Wasambaa, Wazigua na Wabondei, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haja ya kukata mkonge wa mtu. Aliyeletwa alipewa namba, na hapo ndipo lilipotoka neno manamba, ambalo lilibaki kuwa tusi mpaka sisi watoto tukaligombania shuleni kwa ngumi. Kazi ilikuwa ya kipande, siku thelathini za kuhesabiwa. Asubuhi giza halijatoka, mkataji anaingia mstarini na kisu, anakata jani, anapogoa mwiba wa ncha, anafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, anayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya troli yaende korona kusagwa yatoke singa. Mnyapara akisema mzigo haujatimia, siku ile haiandikwi. Nikiwa mdogo nilidhani vidole vya wanaume wote duniani vina makovu.

Wajerumani walikuwa wameleta zao hilo mwaka 1893 huko Pangani. Reli ya Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na baada ya hapo bonde lote likawa la mistari ya kijani hadi Mazinde. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Yasiyomo ni ya watu wa kambini wenyewe.

Mazinde, ile ile iliyokuwa makao ya Semboja zamani za misafara, ndipo palipotokea mwaka 1958 mgomo mrefu ambao Baba aliuzungumza kama wengine wanavyozungumza vita. Yeye hakuwa shamba lile, lakini habari zilisafiri upesi kwa troli kuliko kwa barua. Vibarua walitaka chama chao kitambuliwe. Watu wa makabila yasiyoelewana hata lugha za nyumbani walikaa pamoja bila posho, wiki baada ya wiki. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kilikua kikawa na nguvu, na kiongozi wake, Victor Mkello, alifika kuwa rais wa TFL, shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi Tanganyika. Kambini hawakumwita mheshimiwa. Walisema "Mkello kasema," kama unavyomtaja kaka yako mkubwa.

Uhuru ukaja Desemba 9, 1961. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyobana migomo, na nyingine iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Januari 1963, baada ya migomo mashambani, Mkello na mwenzake Shehe Amiri wakapelekwa Sumbawanga kukaa huko kwa amri ya serikali. Itazame ramani, msomaji: kutoka bonde la Pangani mpaka Sumbawanga ni kuivuka nchi nzima. Wakoloni ndio waliokuwa na desturi ya kumtuma mtu mkorofi mkoa wa mbali asikojua mtu. Halafu askari wa kambi ya Colito wakaasi Januari 1964, viongozi wengi wa wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA badala yake. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi. Yaani aliyetakiwa kudai na aliyetakiwa kudaiwa walivaa koti moja.

Nimtetee Mwalimu kidogo. Serikali ilikuwa changa, mkonge ndio uliokuwa ukiiletea nchi fedha nyingi za kigeni kuliko zao lingine lolote, na mgomo mmoja mrefu ungeweza kuitikisa hazina. Mwalimu aliamini mfanyakazi wa mshahara asijinenepeshe kuliko mkulima wa jembe. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtu aliyeshika kisu cha mkonge hakuwa mnene.

Baba hakumlaumu Mwalimu. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 5 na baadaye mwaka huo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, alicheza ngoma mpaka kandambili zikakatika. Bosi wa Kigiriki aliyekuwa akipita na farasi hakuonekana tena. Watu wakaitana ndugu. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1973, mwaka ambao ada ya shule za msingi ilifutwa, na bila hilo mtoto wa kike wa manamba asingefika Chuo cha Ualimu Korogwe. Sitajifanya nimesahau.

Wanaosema utaifishaji ndio ulioua mkonge hawatazami tarehe. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, tani 230,000 hivi, na bei ikaanza kuporomoka mara baada ya hapo, kwa sababu wakulima wa Ulaya na Marekani walianza kufungia majani ya ng'ombe kwa kamba za plastiki, na Brazil nayo ilikuwa ikiuza kwa bei ya chini. Serikali ilinunua ng'ombe aliyekwisha kuanza kukohoa. Ila hata ng'ombe mgonjwa ana mchungaji. Baba na wenzake waliona vipuri vya korona havipo, waliona mkonge ukiachwa mpaka unatoa mlingoti na kufa, waliona meneja akibadilishwa kabla hajajua majina ya vitalu. Wakamwambie nani? Mikutano ya shambani ilikuwa imekwisha kuwa mikutano ya kusikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa tani kama 20,000.

Sasa tuvuke mto.

Mjomba alizaliwa upande wa Handeni, ng'ambo ya mto Pangani ukienda Kabuku. Wazigua hawakuishi mjini wala kijijini kama tunavyoelewa leo. Walikaa kwa kaya za ukoo, nyumba tano, sita, mbali na kaya nyingine, kila moja ikiwa imejichagulia mahali pake kwa sababu zake: kijito, udongo wa mtama, kaburi la babu. Mvua za Handeni ni za kubahatisha na njaa imeshawahi kupita huko mara nyingi, hivyo kutawanyika kulikuwa akili. Mvua ikikosa hapa, kwa shemeji yako itakuwa imenyesha.

Mwalimu mwenyewe aliandika mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, kwamba watu wasiingizwe vijijini kwa nguvu. Wahame kwa kuelewa. Kabuku Ndani watu walikuwa tayari pamoja wakilima mkonge tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huko Songea, vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma vilikuwa vimejiunda vyenyewe na kujiendesha vizuri, na Septemba 1969 TANU ikakipiga marufuku, kwa sababu hakikuwa chini ya chama hicho tawala. Novemba 1973 yakaja maneno mengine: kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wake 1976.

Mjomba alihamishwa mwaka 1974. Alipewa siku chache. Aliporudi kuchukua mahindi ya ghalani akakuta paa limeshushwa ili asipate pa kurudia. Kiwanja kipya kilikuwa kando ya barabara, kimepimwa kwa kamba, mstari mnyoofu. "Kama mkonge," alisema. Shamba la zamani likawa mwendo wa saa mbili, na mahindi yasiyolindwa usiku ni mali ya nguruwe. Waliahidiwa maji, na kweli miaka hiyo hiyo ulijengwa mradi mkubwa wa HTM, unaovuta maji ya Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha Handeni. Zahanati ilikuja, shule ilikuja. Watoto wa Mjomba wote walisoma. Alipoulizwa kama hayo si mema, alijibu kwamba ni mema, na kwamba kama angeulizwa angeyaomba yaletwe kilomita nne kutoka pale yalipowekwa, palipo na udongo.

Kama angeulizwa. Hapo ndipo Mjomba na Baba walipokuwa wakikutana bila kujua, mmoja ndani na redio, mmoja nje na kigoda. Machifu na wazumbe waliondolewa kisheria mwaka 1963. Mjomba hakuwalilia, maana walikusanya kodi ya Mwingereza kwa fimbo. Lakini halmashauri ya wilaya nayo, yenye madiwani wa kuchaguliwa, ikafutwa mwaka 1972 kwa jina la Madaraka Mikoani, na maofisa wakapokea maagizo kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Hesabu mwenyewe: chama cha wafanyakazi, halmashauri, ushirika. Kila mahali ambapo kibarua au mkulima angeweza kusimama akasema "Mwalimu, hapa umekosea," na akasikilizwa kwa kuwa ana watu nyuma yake, palikuwa pamefungwa. Waliobaki kumpasha habari ni wale ambao vyeo vyao vilitegemea habari njema.

Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Kuhusu mashamba ya mkonge pia alikuja kukubali kwamba serikali haikuyaweza. Ni viongozi wachache wa kizazi chake waliojikosoa hivyo, na hilo namhesabia. Chama cha Mkello hakikuwemo katika yale aliyoyakiri. Kwa hiyo ninachomdai Mwalimu si kijiji wala shamba. Mtu yeyote aweza kukosea kijiji. Namdai ile Januari ya Sumbawanga.

Handeni yenyewe bado inapokea watu. Tangu Juni 2022 wafugaji wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, safari hii nyumba zikijengwa kwanza. Serikali inasema ni hiari, wako Wamasai wanaosema si hiari, na wako wenyeji wa Msomera wanaodai ardhi ile ilikuwa yao. Mjomba hakuishi kuyaona.

Kaya yake ya zamani haikukaa tupu. Pori lililobaki baada ya watu kuhamishwa liligawiwa baadaye kwa mtu wa mbali mwenye hati, na sasa lina uzio. Miembe mitatu aliyoipanda Bibi ipo, na chini ya mmojawapo amelala baba yake Mjomba. Desemba iliyopita nilikwenda na mwanangu. Mlinzi akatuuliza sisi ni akina nani. Nikamwambia tumekuja kununua embe, akatuuzia ndoo moja.