Taka, Tope au Chicha? Historia ya Mabaki ya Karatasi Juu ya Majaa

Miongoni mwa istilahi za mazingira zinazotusumbua ni jina la kitu ambacho wengi wetu hatujapata kukiona kwa macho: mabaki ya nyuzi yatokayo katika vinu vya karatasi baada ya karatasi kuukuu kusagwa upya. Watafsiri wengine huandika "taka", wengine "tope". Kabla neno halijasanifiwa, yafaa tujue kitu chenyewe kimepitia wapi.

Karatasi ni fumwele za mmea zilizoshikamana, na wazo la kuitumia tena si geni. Mwaka 1774 Justus Claproth, mwanasheria wa Göttingen, Ujerumani, alieleza katika kijitabu namna ya kuondoa wino katika karatasi iliyokwisha kuchapwa na kutengeneza karatasi mpya. Mwaka 1800 Matthias Koops alipata hataza ya kazi hiyo hiyo nchini Uingereza. Lakini ufumwele huchakaa. Kila usagwapo hukatika na kufupika, na baada ya kurudiwa mara tano hadi saba hivi hauwezi tena kushikamana na mwenzake. Hupenya katika chujio pamoja na wino na kaolini, yaani ule udongo mweupe ambao viwanda huutia ili karatasi iwe nyororo. Mchanganyiko huo hukamuliwa, na kinachosalia ni kitu cha kijivu, kizito, ambacho hata baada ya kukamuliwa aghalabu huwa na maji yenye uzito kupita ule wa vitu vikavu vilivyomo. Hicho hakirudi kuwa karatasi.

Kwa miaka mingi kilimwagwa mitoni, au kilichomwa, au kilipelekwa jaani kikafukiwe. Kisha likatokea jambo la kushangaza kidogo: kilichokuwa kikifukiwa kikageuka kuwa kifukio.

Jaa lililojaa haliachwi wazi. Mvua ikipenya ndani yake hutoka chini ikiwa imebeba sumu, ikaingia visimani. Kwa hiyo hufunikwa kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi, na kipimo kinachotakiwa aghalabu ni kwamba maji yasipite humo kwa kasi inayozidi sentimita moja katika sekunde milioni kumi, yaani karibu siku 116. Udongo wa namna hiyo haupatikani kila mahali, na kuusafirisha ni gharama. Huko Massachusetts, Marekani, katika miaka ya 1990, jaa la mji mdogo wa Hubbardston lilifunikwa kwa mabaki ya kinu cha karatasi badala ya mfinyanzi. Horace Moo-Young na Thomas Zimmie wa Rensselaer, chuo cha ufundi katika jimbo la New York, waliyapima mabaki ya namna hiyo wakachapisha matokeo yao mwaka 1996. Kaolini yenyewe ni mfinyanzi, na fumwele huushikilia. Zaidi ya hayo, tabaka hilo likikandamizwa na uzito ulio juu yake hutoa maji, hujibana, na kuzidi kuzuia mvua kadiri siku zinavyopita. Katika jimbo la Ohio mabaki ya aina hiyo yalitandazwa juu ya ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe ikabaki tupu, ili majani yaote tena. Huko, hata hivyo, mkulima yeyote angetoa onyo: nyuzi zinapooza hunyonya naitrojeni ya udongo, na mimea isipoongezewa mbolea hugeuka manjano.

Wafini, ambao nao walifunikia majaa yao kwa kitu hiki, walikiita kuitusavi, yaani udongo wa nyuzi. Ni jina zuri, tena lenye hila. Kitu kilichoitwa udongo hakiogopwi na mtu. Na hapa ndipo ninaposita, kwa sababu ya Mto Kalamazoo, Michigan. Tangu miaka ya 1950 hadi mwaka 1971 karatasi za kunakilia zisizotumia kaboni zilitiwa kemikali za PCB. Vinu vilivyozisaga upya vilitoa mabaki yenye sumu hiyo, yakaingia mtoni na kukaa katika madimbwi na majaa ya kando yake. Mwaka 1990 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya Serikali ya Marekani ya maeneo yaliyochafuliwa yanayohitaji kusafishwa kwanza. Mabaki yale yangeitwa udongo, nani angeuliza yametoka katika karatasi gani?

"Taka", kwa upande mwingine, huua swali kabla halijaulizwa, kwani taka hutupwa. "Tope" hulifanya jambo kuwa la mvua na barabara.

Kiswahili hakina uhaba katika uwanja huu. Mpunga ukikobolewa huacha kumvi na wishwa; ufuta ukikamuliwa huacha mashudu; nazi ikifuliwa huacha makumbi, ambayo watu wa pwani huyafukia mchangani ufukweni kwa miezi, kisha wakayapiga wapate usumba wa kusokotea kamba. Nazi iliyokunwa ikikamuliwa tui huacha chicha, wala hakuna mpishi aliyeita chicha taka wakati ana kuku uani. Kila jina kati ya haya hutaja asili ya kitu na kazi iliyokizaa, bila kuamua kitatumika au kitatupwa.

Kwa hiyo napendekeza "chicha la karatasi". Mwenzangu mmoja wa ofisini amepinga kwamba neno hilo linanuka jiko na halistahili kuingia katika hati za wahandisi. Huenda. Lakini kitu hiki hukamuliwa kama chicha, na neno "karatasi" likibaki ndani ya jina, mhandisi atakayelipokea lori zima la chicha hilo pale jaani atakuwa na sababu ya kuuliza ni karatasi ya nini, na ilitiwa nini.