Tangazo na Heshima ya Ukurasa: Kutoka Mnada wa Katesh Mpaka Tovuti



Kitunguu thomu tunachokiponda jikoni kwa ajili ya pilau, mara nyingi hatuulizi kimetoka wapi. Mwulize muuzaji sokoni, na huenda akakujibu neno moja tu: Mbulu. Huko ni mbali na bahari, katika mkoa wa Manyara uliokatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mbulu ni nchi ya Wairaqw, wakulima hodari wa milimani. Jirani yake ni Hanang, nchi ya Wabarabaig wafugaji na wakulima wa makabila mengine, na mji wake ni Katesh, ulio chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Huko huko Hanang, Basotu, ndiko yalikofunguliwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970.

Mkulima wa kitunguu au wa ngano wa leo hatosheki na mnada peke yake. Simu iko mkononi mwake, na humo hutafuta bei, habari za mvua na habari za dunia. Lakini kila afunguapo ukurasa hukuta mabango ya biashara: juu bango, ubavuni bango, na jingine linamrukia usoni kabla hajasoma mstari mmoja. Basi vijana wetu wanaotengeneza tovuti, huko bara na huku pwani, wanabishana. Wako wasemao kwamba bango la biashara huuvunjia ukurasa hadhi yake, ukaonekana kazi ya wababaishaji. Na wako wasemao kwamba bila ya bango hapana ukurasa, kwa kuwa hapana kazi isiyotaka gharama. Ubishi huu watu huudhani mpya, kumbe ni mkongwe. Njoo basi, msomaji, tuitazame tarikhi.

Kwanza tuanze mnadani. Katika minada ya Hanang na Mbulu mwenye mali hupaza sauti, husifu ng'ombe wake, hutandika nguo zake chini na kuwaita wapitao. Hapana amwambiaye, "Umeuvunjia mnada heshima." Mnada ndio mahali pake. Lakini mtu huyo huyo akienda na nguo zake akazinadi katika matanga, watu wakiwa wanasomewa maiti wao, atafukuzwa, na wamfukuzao watakuwa wana haki. Sauti ni ile ile na nguo ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali.

Wahenga wa pwani walilijua jambo hili. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Mpiga mbiu alipopita mitaani watu waliacha kazi zao wakamsikiliza, kwa sababu hakuipiga ovyo. Lau angaliipiga kila saa kwa ajili ya kila mwuza samli, siku ya jambo kubwa asingalisikilizwa na mtu.

Katika vitabu vya adabu vya Waarabu imo hadithi ya mfanyabiashara wa Iraq aliyekuja Madina na shehena ya ushungi wa rangi mbalimbali. Ukanunuliwa wote ila mweusi. Akamwendea rafiki yake Ad-Darimi, mshairi ambaye wakati huo alikuwa ameacha mashairi akashika ibada msikitini. Ad-Darimi akamtungia beti za kumsifu mwanamke mzuri aliyejitanda ushungi mweusi. Beti zikaimbwa mji mzima, na hakubaki mwanamke mpenda mapambo ila alinunua ushungi huo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Ad-Darimi ameiacha ibada yake. Mali ilipokwisha, yeye akarudi msikitini kama alivyokuwa. Hadithi hii fupi ina pande zote mbili za ubishi wetu: tangazo lilimfaa mwenye mali, nalo lilimtia doa aliyelitunga, hata kama kwa siku chache.

Sasa tuje kwenye magazeti. Watu wengi hudhani kwamba gazeti la heshima huyaficha matangazo nyuma. Tarikhi yasema vingine. The Times la London, lililohesabiwa kuwa gazeti la wakubwa wa Uingereza, liliujaza ukurasa wake wa kwanza matangazo madogo madogo kwa miaka mingi, na habari likaziweka ndani. Halikubadilisha desturi hiyo mpaka tarehe 3 Mei 1966. Hapana aliyelidharau kwa ajili hiyo. Na kwa nini? Kwa sababu msomaji alijua kwamba pale ni mahali pa matangazo, na ndani ni mahali pa habari, na kimoja hakikujifanya kingine.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayakuwa mbali na hayo. Gazeti la serikali la Unguja lililoanza mwaka 1892 lilichapisha matangazo ya safari za meli na ya maduka pamoja na habari za serikali. Huko Mombasa, gazeti lililokuja kuitwa East African Standard lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya ishirini na A. M. Jeevanjee, naye alikuwa mfanyabiashara. Katika Dar es Salaam, Erica Fiah aliyeanzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937 alikuwa mwenye duka. Basi biashara na uandishi wa magazeti vimelala kitanda kimoja tangu hapo kale.

Redio nayo ina mafunzo. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Idhaa ya Taifa, na mbali nayo ikawa na Idhaa ya Biashara. Maana yake ni kwamba tangazo la sabuni lilipewa nyumba yake, na mtu aliyeketi kusikiliza matangazo ya vifo alijua amefungua mlango gani. Neno ni moja, "tangazo", lakini tangazo la msiba na tangazo la sabuni si ndugu.

Ama mabango ya intaneti, umri wake si mkubwa. Tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya Kimarekani iitwayo HotWired iliweka mabango ya kwanza, na miongoni mwa waliolipia ilikuwa kampuni ya simu ya AT&T. Watu wakayabonyeza kwa wingi kwa kuwa yalikuwa mageni. Lakini kitu kikizidi hupoteza ladha. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Benway na Lane, walionyesha kwamba mtu anayetafuta jambo katika ukurasa huyapita mabango makubwa yenye rangi kali kana kwamba hayapo, hata pale ambapo jambo analolitafuta limo ndani ya bango hilo. Huo ndio mpiga mbiu aliyeipiga kila saa.

Na lile bango la kuruka usoni lina kisa chake. Aliyeandika programu ya mwanzo ya kulirusha ni Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika tovuti ya Tripod katika miaka ya 1990. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani, akaeleza sababu: kampuni moja kubwa ya magari ilifadhaika ilipoona tangazo lake limetokea katika ukurasa wa mambo machafu. Ndipo likatafutwa dirisha la peke yake, ili tangazo lisionekane kuwa limekaa na uchafu ule. Tazama ajabu hii, msomaji! Sisi twasema tangazo humwaibisha mwenye ukurasa, kumbe ukurasa nao humwaibisha mwenye tangazo. Jirani mbaya huharibu pande zote mbili.

Wako pia waliokataa kabisa. Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanza mwaka 2001, haina mabango ya biashara, nayo huishi kwa michango. Mwaka 2002 waandishi wengi wa tawi lake la Kihispania walijitoa wakaanzisha kamusi yao wenyewe, na sababu moja kubwa ilikuwa hofu kwamba matangazo yataletwa. Waliona kwamba elimu iliyotolewa bure haifai kutundikwa bango la mwuza viatu.

Lakini si kila mtu ana wachangiaji. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na intaneti ikaenea zaidi. Blogu za Kiswahili, ambazo ile ya Michuzi ya mwaka 2005 ni katika za mwanzo zilizojulikana sana Tanzania, zikawa nyingi. Mwaka 2018 serikali ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, wenye blogu walitakiwa ada zilizofika shilingi milioni 2 na zaidi, kabla ya kanuni hizo kurekebishwa. Mwandishi huyo atalipa kwa nini, kama si kwa tangazo? Anayemcheka kwa bango lake, na yeye mwenyewe hamchangii hata senti, hamfanyii insafu.

Basi hukumu ni ipi? Tuirudishe Hanang. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na miti kutoka mlimani. Yakaangukia Katesh na vijiji vya karibu, Gendabi na vinginevyo. Walikufa watu zaidi ya 80, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa tabianchi, alikatiza safari yake akarudi. Mfikirie mtu wa Tanga mwenye ndugu yake Katesh siku ile. Afungua simu kwa bando la mwisho alilonalo. Anatafuta jina moja tu. Kikimtangulia kumfikia ni bango la kamari linalomeremeta, linalokula bando lake na kulifunika lile analolitafuta, ukurasa huo umemkosea, na hata ukiandikwa na mabingwa hatauheshimu tena. Huyo ndiye mwenye kunadi nguo katika matanga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiseme kwamba bango lenyewe ndilo linaloondoa heshima. Tazama mambo manne. La kwanza, mahali: ukurasa wa halmashauri, wa hospitali au wa madrasa umewekwa kwa huduma, na haifai kutundikwa bidhaa. Tovuti za halmashauri za Mbulu na Hanang zina mlango uitwao "Matangazo", na humo hutazamiwa zabuni na nafasi za kazi, si sabuni. Na tovuti ya mkulima anayeuza vitunguu ni tangazo yenyewe. Akitundika bango la mwingine kwa senti chache, amemshika mteja mkono kumpeleka duka la jirani.

La pili, uwazi: tangazo lijulikane kuwa ni tangazo, lisivae kanzu ya habari. La tatu, kiasi: lisifunike kilichomleta msomaji, wala lisimlie bando. La nne, ujirani: mwenye ukurasa achague nani akae naye. Anayepokea kila kijacho, kamari leo na dawa ya uongo kesho, asishangae watu wakimhesabu miongoni mwao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta rutuba iliyofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Hakumkataza kuuza. Alimkataza kuficha. Mwenye ukurasa naye ni mchuuzi, na kila bango alipokealo ni nafaka ndani ya rundo lake.

Ukitengeneza tovuti, au mwanao akikutengenezea, jiulize kabla ya kupokea bango la kwanza: msomaji wangu atakuja akiwa katika hali gani? Atakuja kununua, au kujifunza, au kumtafuta maiti wake? Ukijua hilo, utajua ni bango gani la kupokea, na ni lipi la kumrudishia mwenyewe pamoja na fedha zake.

Wa billahi t-taufiq.